Nani Apimwe Kwanza?

Kuna methali tunayoitumia kila mahali isipokuwa pale ilipozaliwa: mficha uchi hazai. Tunamwambia msee anayeona haya kuomba kazi. Tunamwambia mgonjwa anayemficha daktari dalili zake. Mwalimu humwambia mwanafunzi asiyetaka kuinua mkono. Tumeitumia sana huko nje hadi tukasahau kwamba methali yenyewe inaongea kuhusu chumba cha kulala, na kwamba neno lake la mwisho ni hazai.

Leo hebu tuichukue vile ilivyo. Mume na mke wamekaa kwenye ndoa mwaka mmoja, miwili, mitatu. Hawatumii kinga yoyote. Mtoto hajapatikana. Nani apimwe kwanza?

Ukiuliza watu watakujibu vizuri: wote wawili, bila shaka, siku hizi tumesoma. Lakini angalia wanavyofanya. Anayeenda hospitali ni mwanamke. Anatolewa damu ya kupima homoni, na kuna vipimo vinavyomtaka arudi siku fulani ya mwezi wake. Anafanyiwa ultrasaundi. Anapelekwa kupigwa picha ya mirija ya uzazi, ambapo dawa ya rangi husukumwa kupitia shingo ya kizazi hadi kwenye mirija ili eksirei ionyeshe kama imeziba. Wanawake wengine husema ni maumivu kidogo kama ya hedhi, wengine wanalia pale kitandani. Kama picha haikutosha, anaweza kulazwa usingizi na kuingizwa kamera tumboni. Katikati ya hayo kuna mama wa mitishamba aliyependekezwa na shangazi, na mchungaji aliyependekezwa na jirani. Mume anamtumia nauli kwa M-Pesa na kumuuliza jioni, "Sasa wamesemaje?"

Huenda miaka miwili ikapita hivyo. Halafu daktari fulani, kwa sauti ya chini, anauliza: "Na mzee? Yeye amewahi kupimwa?"

Ajabu ni kwamba kipimo cha mzee ndicho rahisi kuliko vyote nilivyotaja. Hakuna sindano wala kisu. Anaambiwa asimwage kwa siku 2 hadi 7, kisha anapewa kikopo safi chenye mdomo mpana. Anaingia kwenye chumba chenye mlango unaofungika, au anaruhusiwa kutoa sampuli nyumbani. Asitumie mate, mafuta wala kondomu ya kawaida, kwa sababu vitu hivyo vinaweza kuziumiza mbegu. Asimwage tone la kwanza chini kwa haraka, kwa sababu sehemu ya kwanza ya shahawa ndiyo hubeba mbegu nyingi. Kama ametoka nyumbani, afikishe kikopo maabara ndani ya saa moja, akikitunza karibu na mwili kisipoe. Kazi ya mwanamume inaishia hapo.

Inayobaki ni kazi ya maabara. Shahawa huachwa iyeyuke kutoka ute mzito hadi majimaji. Hupimwa ujazo. Kisha mtaalamu anaweka tone chini ya hadubini na kuanza kuhesabu: mbegu ziko ngapi, ngapi zinaogelea kwenda mbele, ngapi zinazunguka pale pale, ngapi hazisongi kabisa, na ngapi zina kichwa na mkia wa umbo linalotakiwa. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa mwongozo wa kazi hii tangu 1980, na toleo la sita lilitoka 2021. Fundi anayefuata mwongozo huo hahesabu kwa kukadiria. Anahesabu mbegu zisizopungua 200, kisha anarudia na sehemu nyingine ya sampuli hiyo hiyo ili ajue kama hesabu mbili zinakubaliana.

Kwa hivyo swali la nani aanze lina jibu la busara hata kabla hatujafika kwenye maadili. Ukiwa na milango miwili, mmoja umefungwa kwa kufuli na mwingine umeegeshwa tu, unaanza na ule ulioegeshwa. Shirika hilo hilo lilisema katika ripoti yake ya 2023 kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hukumbana na tatizo la kupata mtoto wakati fulani maishani. Na madaktari wanajua kwamba mwanamume huhusika katika karibu nusu ya visa, peke yake au pamoja na mwenzake. Nusu. Hapo hata mtu wa kubeti hawezi kuweka pesa zote upande mmoja.

Kumbe basi kinachotuzuia si ukosefu wa habari. Kuna kitu kingine, na sitaki kukidharau, kwa sababu insha nyingi za aina hii huishia kuwacheka wanaume, na kumcheka mtu hakujawahi kumtoa kwenye kochi.

Anza na lugha yetu. Tuna maneno mawili ya kumwita asiyezaa, tasa na mgumba. Kwenye kamusi yote mawili yanaweza kumhusu mtu yeyote. Lakini sikiliza yanavyotumika sokoni na matangani. Yanamkalia mwanamke. Mwanamume akiguswa na jambo hili, watu wanarukia neno hanithi, ambalo ni jambo lingine kabisa. Hanithi ni asiyeweza tendo. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu za kutosha usiku kucha na shahawa yake isiwe na mbegu hata moja, na yeye asijue, kwa sababu sehemu kubwa ya shahawa ni majimaji kutoka tezi nyingine na rangi haibadiliki kwa macho. Hatuna neno la mtaani la mwanamume huyo. Na mtu asiye na jina la hali yake huogopa aitwe kwa jina la hali nyingine. Anapokataa kikopo, mara nyingi anakataa lile neno la pili.

Halafu kuna uzito wa ukoo. John Mbiti, mwanafalsafa na mwanateolojia wetu kutoka Ukambani, alieleza katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika jinsi ndoa na uzazi vilivyoshikana katika fikra za jamii nyingi: aliyekufa huendelea kuwa pamoja na walio hai maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Asiyeacha mtoto anakatiza mnyororo huo. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake. Kwa hivyo kijana wa Kasarani anayesubiri mtoto hasubiri mtoto tu. Baba yake huko Murang'a anasubiri kuzaliwa tena. Ukimwambia kijana huyo "nenda upime tu, ni dakika kumi," hujaelewa anachopima.

Lakini jamii hizo hizo zilijua jambo ambalo sisi wa maghorofa tumelisahau. Zilijua kwamba wakati mwingine tatizo liko kwa mume, na zilikuwa na njia zake. Katika jamii kadhaa wazee wangepanga kimya kimya ndugu wa mume "asaidie nyumba", na mtoto akawa wa mume bila mjadala. Wakamba na Wanandi walikuwa na ndoa ambayo mwanamke asiye na mtoto humwoa mwanamke mwingine ili nyumba yake isifungwe. Sisemi turudi huko. Ndugu wa mume anaweza kuwa jina zuri la kulazimishwa, na hakuna aliyekuwa akimuuliza mke. Nasema tu kwamba hata wale tunaodhani walimlaumu mwanamke kila mara walikuwa na mipango iliyokubali, bila kutamka, kwamba mbegu nayo hushindwa.

Na hapa kuna kichekesho cha historia. Mbegu ya kiume ilionekana mapema sana kuliko yai la mwanamke. Mwaka 1677, mjini Delft huko Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa aliyejitengenezea hadubini, aliweka shahawa chini ya lenzi yake na kuona vijidudu vyenye mikia vikiogelea. Aliandika barua kwa Royal Society ya London. Na unajua alijihami vipi? Alisisitiza kwamba sampuli hiyo hakuipata kwa kujichafua kwa dhambi, ni masalio ya tendo halali na mke wake, na kwamba wakiona habari hizo zitawachukiza wasomi, basi wasizichapishe. Yaani mtu wa kwanza kuandika ripoti ya shahawa aliandika pia aibu yake. Yai la mnyama anayenyonyesha lilikuja kuonekana 1827, na Karl Ernst von Baer. Miaka 150 baadaye. Kwa karne moja na nusu kitu pekee cha uzazi kilichokuwa kimeonekana kwa macho ni cha mwanamume, na bado mwanamke ndiye aliyeulizwa kwa nini hazai.

Hata mfano wetu wa mbegu na shamba haumsaidii mume anayejificha nyuma yake. Muulize mkulima yeyote wa Kitale. Mahindi yasipoota, hakimbilii kulaani udongo. Anachukua ile pakiti, anaigeuza, anauliza: hizi mbegu nilinunua wapi? Tunawashika watu kwa kuuza mbegu feki. Kwa nini tukifika kwenye ndoa tunakuwa wakulima wabaya?

Sasa nifike kwenye swali lenyewe la maadili. Je, mtu ana wajibu wa kujua jambo kuhusu mwili wake mwenyewe? Kwa kawaida ningesema hapana. Kuna watu wasiotaka kujua kama wana jini la ugonjwa fulani wa uzeeni, na hiyo ni haki yao. Mwili ni wako, kutojua ni kwako, usiku wa kukosa usingizi ni wako pia. Lakini kuna kutojua ambako bili yake hulipwa na mtu mwingine. Hapo mambo yanabadilika.

Mwaka 1877 mwanahisabati na mwanafalsafa wa Uingereza, William Kingdon Clifford, aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini. Alitoa mfano wa mwenye meli. Meli ni kuukuu, imetengenezwa mara nyingi, na moyoni ana wasiwasi kwamba haifai safari. Kuikagua ni gharama. Basi anajituliza: imevuka dhoruba ngapi na kurudi salama? Mungu atawalinda abiria. Polepole anaamini kweli, bila unafiki, kwamba meli ni nzima. Inaondoka, inazama, na yeye analipwa bima. Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vile. Kwamba aliamini kwa dhati hakumsaidii, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini bila kukagua. Na hata meli ingefika salama, anasema, bado angekuwa na hatia ile ile. Asingegunduliwa tu.

Iweke hapa nyumbani. Mwenye matatu anasikia breki zinalia, anaongeza sauti ya muziki na kusema gari ni zima. Tunajua tutamwita nani siku likianguka.

Mume anayesema "mimi niko sawa" bila kupimwa ni huyo mwenye meli. Haongopi. Anaamini kabisa. Sababu zake tunazijua: nina nguvu, baba yangu alizaa tisa, kwetu hakuna mambo kama hayo. Na yuko na bima pia. Bima yake ni mke. Meli ikizama, jina litakaloandikwa ni la mke: kwenye chama, kwenye harusi ya shemeji, kwenye simu ya mama mkwe inayoanza na "Mwanangu, hamjambo huko?" na kumalizika na kimya. Kila mwezi ambao mume hajapima, mke analipa mara mbili. Kwanza kwa mwili wake, kwa vidonge na mashine. Pili kwa umri wake, maana uwezo wa mwanamke kushika mimba hupungua na miaka, hasa baada ya 35, na miaka haina mahali pa kurudishiwa pesa. Tumesoma magazetini, humu nchini, habari za wanawake waliopigwa, waliofukuzwa, hata waliokatwa viungo na waume waliowadai mtoto. Hao ndio abiria.

Kwa hiyo ninadai hivi: mwanamume anayemwacha mwenzake apimwe, atibiwe na alaumiwe, huku yeye akikataa kipimo kisicho na maumivu, anafanya kosa la kimaadili. Na ni kosa hata kama siku moja itabainika mbegu zake zilikuwa sawa muda wote. Wajibu haukuwa kuwa na mbegu. Wajibu ulikuwa kukagua.

Wengine watanipinga, na wana hoja. Nizichukue moja moja.

Hoja ya kwanza: "Mimi nina mtoto tayari, yuko Nakuru na mama yake." Sawa, hongera. Lakini shahawa ya leo haikutengenezwa mwaka ule. Mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, kwa hivyo kipimo kinasoma miezi michache iliyopita tu ya maisha yako. Katikati hapo huenda ulipata kisonono kisichotibiwa vizuri kikaziba mirija. Huenda mishipa ya damu ya korodani imevimba, jambo linaloonekana kwa wanaume kama 15 katika 100 na kwa wingi zaidi miongoni mwa walio na shida ya uzazi, na mara nyingi linaweza kutibiwa. Matubwitubwi ya ukubwani nayo huweza kuharibu korodani. Na kwa vijana wa gym nina habari mbaya: zile sindano za testosteroni za kujenga misuli huuambia ubongo kwamba homoni ipo ya kutosha, ubongo unaacha kuziamuru korodani kufanya kazi, na mbegu hupungua hadi zinaweza kuisha. Kwa wengi hurudi baada ya miezi kadhaa ya kuacha, lakini si kwa kila mtu. Msee anaonekana dume kuliko wote pale gym, na kikopo chake kiko tupu.

Hoja ya pili: dini. Hii siichezei. Kuna Mkatoliki na kuna Mwislamu ambaye namna ya kupata sampuli inamkwaza kweli, kama ilivyomkwaza Leeuwenhoek. Lakini kikwazo hicho kina njia za kukizunguka. Zipo kondomu maalum zisizo na dawa ya kuua mbegu, zinazotumika katika tendo la mume na mke nyumbani. Wapo wanazuoni wa Kiislamu wanaoruhusu sampuli itolewe kwa haja ya tiba, hasa mke akihusika. Muulize sheikh wako au padri wako. Atakayesema dini inamzuia, halafu asiulize hata mara moja, basi dini ameifanya pazia. Na "ni mipango ya Mungu" ni kauli nzuri ikisemwa na wote wawili. Ikisemwa na mmoja tu huku mwingine akimeza vidonge, sijui ni imani ya aina gani.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: faragha. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Majibu ya kipimo ni ya mwenye mwili. Daktari hana ruhusa ya kumpigia mke simu na kumwambia. Nakubaliana na hilo kabisa. Nisingetaka nchi ambayo mwanamume anaburutwa maabara, au ambayo cheti cha shahawa kinadaiwa kabla ya mahari. Wajibu wa kimaadili si kitu cha kukabidhi polisi.

Lakini faragha ni ukuta dhidi ya nani? Dhidi ya mabeshte wa base, ndiyo. Dhidi ya mwajiri, ndiyo. Dhidi ya shangazi na kikundi cha WhatsApp cha ukoo, mara elfu ndiyo. Je, ni ukuta pia dhidi ya yule anayelala upande wa pili wa kitanda na ambaye kesho ana miadi ya kupigwa picha ya mirija? Hapa natofautisha mambo mawili. Kunyamaza kuhusu jambo lako ni faragha. Kunyamaza ukijua kwamba kimya chako kinamtwika mwingine lawama isiyo yake ni kumsingizia kwa mdomo uliofungwa. Hujasema neno, ila ushahidi wa uongo umetolewa.

Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba mwanamke mwema hulibeba jambo hilo pamoja na mumewe: anajua majibu na bado anawaacha watu waamini ni yeye. Huenda wapo, na ni upendo mkubwa. Lakini zawadi huwa zawadi mtu akijua anachotoa. Kumbebesha mtu mzigo bila kumwambia umebeba nini, hapo amefanywa punda.

Nibaki na hofu moja ambayo sina jibu tamu kwayo. Akijua, anaweza kuondoka. Ni kweli. Anaweza. Mwanamume aliyepima na kusema ukweli amempa mwenzake uwezo wa kuchagua, na uwezo wa kuchagua una milango miwili. Nisingemdanganya mtu yeyote kwamba ukweli hulinda ndoa zote. Ninachoweza kusema ni kwamba ndoa inayoshikiliwa kwa kumnyima mmoja habari inamshikilia mfungwa, na kwamba mwanamke huyo angeweza kuondoka vilevile baada ya miaka saba ya kulaumiwa, akiwa na miaka 39 na hasira halali.

Pia tujue majibu yanasema nini na hayasemi nini, maana hofu nyingi hutokana na kudhani karatasi ile ni hukumu. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vilitokana na wanaume ambao wenzao walipata mimba ndani ya mwaka mmoja. Wakawapanga kutoka chini hadi juu, wakachora mstari mahali ambapo wababa 5 katika 100 wako chini yake. Katika toleo la 2021 mstari huo ni takriban mbegu milioni 16 kwa mililita moja, na milioni 39 kwa sampuli nzima. Angalia vizuri: hao 5 walio chini ya mstari ni wababa. Walizaa. Na kuwa juu ya mstari hakumhakikishii mtu chochote. Kwa umbo la mbegu mstari ni asilimia 4. Ndiyo, 4. Mkenya aliyelelewa na KCSE akiona 4 kwa 100 atajua amefeli mtihani, kumbe amepita. Tena kipimo kimoja hakitoshi. Homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuyashusha majibu, kwa hivyo yakiwa mabaya hurudiwa, mara nyingi baada ya kama miezi mitatu.

Na hata sifuri si mwisho wa mazungumzo. Karibu mwanamume 1 katika 100 hana mbegu kwenye shahawa. Kwa wengine njia imeziba tu na mbegu ziko ndani. Tangu 1992, madaktari wa Brussels walipotangaza mimba za kwanza zilizopatikana kwa kudunga mbegu moja ndani ya yai moja, hesabu ya mamilioni imekuwa si lazima kwa kila mtu. Gharama yake ni kubwa na si kila mmoja ataiweza. Wengine watachagua kuasili mtoto. Wengine watakaa wawili. Lakini wote hao watakuwa wanachagua wakiwa na taa imewashwa.

Wajibu huu hauko kwa mume peke yake. Daktari anayemruhusu mwanamke apite vipimo vitatu kabla ya kumuuliza habari za mume ana sehemu yake. Zahanati inayompa mwanamume kikopo na kumwelekeza choo cha wagonjwa wote, mlango haufungi, nayo imesaidia kumfukuza. Kifungu cha 43 cha katiba kinampa kila mtu haki ya afya ya uzazi, na mwanamume ni mtu. Mke naye, siku karatasi itakapotoka, ana wajibu wa kutoigeuza kuwa silaha ya kutoa kabatini kila wakigombana. Na sisi wengine, tunaoshika sahani za pilau harusini na kumuuliza bibi harusi wa mwaka jana, "Na nyinyi mtatuletea lini?", tuko ndani ya meli hiyo pia. Swali hilo huelekezwa kwake kila mara, mumewe akiwa amesimama hapo hapo na soda mkononi. Hatujawahi kumgeukia yeye.

Basi jibu langu kwa swali la juu ni hili. Waende siku moja. Mke atolewe damu, mume apewe kikopo, wakae kwenye benchi moja wakingoja kuitwa. Na kama pesa za mwezi huu zinatosha kipimo kimoja tu, aanze mume, kwa sababu chake ni chepesi zaidi na hakimuumizi. Wahenga hawakuweka jinsia kwenye ile methali. Ni sisi tuliomvua mmoja peke yake na kumwachia mwingine suruali.